Moyo wa Mama Baada ya Presha ya Ujauzito

Kwa muda mrefu elimu ya uzazi imefundisha kwamba presha inayoanza wakati wa ujauzito hutibiwa na kujifungua: mtoto akishazaliwa na kondo la nyuma likishatoka, presha hushuka, uvimbe wa miguu hunywea, na mama hurejea katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kushika mimba. Fundisho hilo limeokoa maisha ya wanawake wengi, kwa sababu ni kweli kwamba hatari ya saa ile huanza kuondoka kondo la nyuma linapotoka. Hata hivyo, tafiti zilizowafuatilia wanawake hao kwa miaka 10, 20 na zaidi zimeonyesha kuwa ugonjwa uliodhaniwa kuishia katika chumba cha kujifungulia mara nyingi huacha alama katika mishipa ya damu, na kwamba aliyeupata ana uwezekano mkubwa zaidi, kuliko wenzake wa rika lake, wa kupatwa na presha ya kudumu, ugonjwa wa moyo au kiharusi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Shinikizo la damu, ambalo mitaani na hospitalini huitwa presha, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, na hupimwa kwa namba mbili: ya juu huonyesha nguvu hiyo moyo unapojikaza na kusukuma damu, na ya chini huonyesha nguvu inayobaki moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Mjamzito ambaye namba yake ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikatoa jibu lilelile, huhesabiwa kuwa ana presha. Ikiwa alikuwa nayo kabla ya mimba, au ikaonekana kabla ya wiki ya 20, hiyo ni presha sugu. Ikiwa imeanza baada ya wiki ya 20 bila dalili nyingine, ni presha ya ujauzito. Na ikiwa imeandamana na protini katika mkojo, au na dalili za kuumia kwa figo, ini au ubongo, hali hiyo huitwa priklampsia, ambayo hukadiriwa kuzipata mimba 2 hadi 8 katika kila 100 duniani. Priklampsia ikizidi hata mama akapatwa na degedege, ndipo huwa kifafa cha mimba, jina ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki hulitumia kwa hatua zote mbili. Ugonjwa huu si ule wa kifafa unaojulikana siku zote, wala hauletwi na mapepo au husuda, dhana ambayo bado huwafanya baadhi ya wagonjwa wacheleweshwe nyumbani hadi hali inapokuwa mbaya.

Chanzo chake kiko katika kondo la nyuma. Mimba inapokwenda vizuri, mishipa midogo ya mji wa mimba hupanuka mapema ili damu ya kutosha imfikie mtoto. Katika priklampsia, hasa ile inayoanza kabla mimba haijakomaa, upanuzi huo haukamiliki, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama protini zinazovizuia vichocheo vinavyolinda utando laini uliotanda ndani ya mishipa. Kazi ya utando huo ni kuufanya mshipa ulegee damu inapoongezeka na kuizuia damu isigande ovyo. Ukiumia, mishipa hujibana mwilini kote, presha hupanda, figo huvujisha protini, na maji hupenya kutoka katika mishipa na kuvimbisha uso na mikono. Kwa baadhi ya wanawake utando huo haupati nafuu kamili hata baada ya mtoto kuzaliwa, na vipimo vinavyofanywa miezi au miaka baadaye huonyesha mishipa iliyopoteza ulaini wake na misuli ya upande wa kushoto wa moyo iliyokuwa minene kuliko inavyotakiwa.

Wataalamu wamejadiliana sana iwapo ujauzito wenyewe ndio unaoharibu mishipa ya mwanamke aliyekuwa mzima, au kama unafichua tu udhaifu aliokuwa nao tangu mwanzo. Hoja ya pili ina uzito wake, kwani wakati wa ujauzito kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kila dakika, hivyo kwamba miezi hiyo tisa ni kama mtihani ambao moyo na mishipa hufanyishwa mwanamke akiwa bado kijana. Aliyekuwa na uzito mkubwa, sukari isiyotulia au ndugu wa damu wenye presha huweza kuuonyesha udhaifu wake hapo, miaka mingi kabla haujajitokeza kwa njia nyingine. Inaelekea hoja zote mbili ni za kweli kwa viwango tofauti kwa wanawake tofauti. Kwa mgonjwa mwenyewe mjadala huo haubadilishi jambo la msingi, kwa maana katika hali zote mbili amepewa onyo mapema, na wanaume hawapati kamwe onyo la namna hiyo.

Uzito wa onyo hilo ulidhihirika nchini Norway, ambako kumbukumbu za uzazi huhifadhiwa kitaifa. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazazi wa watoto zaidi ya 600,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1967 na 1992, wakagundua kwamba wanawake waliopata priklampsia na kujifungua kabla ya wakati walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa mara 8 zaidi ya wale waliojifungua kwa wakati bila ugonjwa huo. Watafiti hao waliwaangalia pia akina baba wa mimba zilezile, nao hawakuwa na ongezeko la vifo. Kwa hiyo ni vigumu kuitupia lawama hali ya maisha ya nyumba nzima. Mwaka 2007 jopo la watafiti wa London liliunganisha tafiti nyingi zilizohusu wanawake zaidi ya milioni 3, likaonyesha kwamba aliyepata priklampsia ana uwezekano wa kupata presha ya kudumu karibu mara 4, na wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi karibu mara 2, akilinganishwa na ambaye hakuipata. Miaka minne baadaye Chama cha Moyo cha Marekani kiliingiza priklampsia katika orodha ya mambo ambayo daktari anapaswa kuyauliza anapokadiria hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwanamke.

Takwimu za Afrika Mashariki ni chache, lakini zilizopo zinatosha kuondoa usingizi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake waliokuwa na priklampsia kali au kifafa cha mimba bado walikuwa na presha miezi mitatu baada ya kujifungua, ilhali mwanamke wa kawaida kwa wakati huo hana tena sababu ya kufika hospitalini kwa ajili yake mwenyewe. Hata nchini Denmark, ambako huduma zinapatikana kwa urahisi zaidi, miongoni mwa wanawake waliopata presha katika mimba ya kwanza wakiwa na umri wa miaka ya ishirini, 14 katika kila 100 walikuwa na presha ya kudumu ndani ya miaka 10, wakati kwa wenzao waliokuwa na mimba salama idadi hiyo ilikuwa 4 tu. Kwa waliopata presha hiyo katika mimba ya kwanza wakiwa na umri wa miaka ya arobaini, idadi ilifika 32.

Namba hizi zisomwe kwa utulivu. Kuongezeka mara mbili kwa hatari iliyo ndogo huacha hatari ambayo bado ni ndogo, na mwanamke wa miaka 27 aliyepata presha katika mimba moja, karibu na siku za kujifungua, hana sababu ya kuishi akiusikiliza moyo wake kwa hofu. Wanaopaswa kufuatiliwa kwa karibu zaidi ni wale ambao ugonjwa uliwaanza mapema hata mtoto akazaliwa njiti, wale ambao umejirudia katika mimba zaidi ya moja, waliofikia kupata degedege, na wale ambao pamoja na historia hiyo wana kisukari, ugonjwa wa figo au unene uliokithiri.

Kinga ya moyo huanza siku zilezile za kwanza baada ya kujifungua, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Presha ya mzazi haina desturi ya kushuka moja kwa moja. Mara nyingi hupanda tena na kufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambapo mama ameshatoka wodini na yuko nyumbani akipokea wageni. Kuumwa kichwa kusikopoa, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia na kupumua kwa shida ni dalili zinazotakiwa kumrudisha hospitalini siku hiyohiyo, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa, na sindano ya salfeti ya magneziamu, ambayo utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2002 ulithibitisha kuwa hupunguza kwa nusu uwezekano wa degedege, haipatikani nyumbani. Familia nyingi huchukulia dalili hizo kuwa ni uchovu wa kukesha na mtoto.

Siku hizo zina umuhimu mwingine uliogunduliwa karibuni. Watafiti wa Oxford, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2023, waliwagawa wanawake 220 waliotoka hospitali wakiwa bado wanatumia dawa za presha: nusu walifuata utaratibu wa kawaida, na nusu walipewa mashine wajipime nyumbani kila siku na kutuma majibu kwa simu, ili madaktari wapange dozi kwa kufuata namba halisi katika wiki za mwanzo. Takribani miezi tisa baada ya kujifungua, wakati wengi wao hawakuwa tena katika dawa, kundi lililojipima lilikuwa na wastani wa namba ya chini ya presha uliokuwa pungufu kwa karibu 6 kuliko wa kundi lingine, tofauti ambayo ikidumu kwa miaka ina maana kubwa kwa moyo. Inaonekana wiki hizo, ambapo moyo na mishipa inajipanga upya baada ya mzigo wa ujauzito, ni nafasi ya matibabu isiyojirudia.

Bahati mbaya ni kwamba ratiba ya huduma kwa mama huishia pale ambapo huduma ya moyo wake ingepaswa kushika kasi. Siku 42 baada ya kujifungua, wiki sita ambazo kwa desturi zetu karibu zinalingana na arobaini, mzazi hukaguliwa kwa mara ya mwisho, hushauriwa juu ya uzazi wa mpango, na faili lake hufungwa. Arobaini ikitoka, mama hurudi sokoni, shambani au ofisini, na kadi yake ya kliniki, iliyoandikwa namba zote za presha na alama za protini katika mkojo, huwekwa sandukuni pamoja na nyaraka nyingine za nyumbani. Kadi ya mtoto ndiyo inayoendelea kutembea.

Na hiyo kadi ya mtoto ndiyo njia iliyo wazi kabisa ya kumfikia mama. Katika Tanzania na Kenya mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela, na katikati ya tarehe hizo hupimwa uzito. Anayembeba ni mama yuleyule aliyekuwa na presha, ambaye huketi kwenye benchi la kliniki kwa saa nzima au zaidi akingoja zamu, hatua chache kutoka meza yenye mashine ya presha, na huondoka bila mtu kumfunga mkanda mkononi. Hakuna jengo jipya linalohitajika wala idara mpya. Kinachohitajika ni alama itakayowekwa kwenye kadi ya mtoto siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, ili muuguzi wa chanjo ajue kwamba mama huyu apimwe kila anapofika, na namba yake iandikwe mahali ambapo ataikuta tena. Viongozi wa afya wanaotafuta hatua ya gharama ndogo dhidi ya magonjwa ya moyo hawana haja ya kwenda mbali.

Kipimo chenyewe kina adabu zake, na kikifanywa ovyo hudanganya. Anayepimwa anatakiwa awe ameketi kwa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti, miguu miwili ikikanyaga chini pasipo kupishana, kibofu kikiwa kitupu, na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, usio na nguo chini ya mkanda. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza namba kwa uongo, na mtoto anayenyonya au kulia mapajani humfanya mama apate presha ambayo si yake. Ampe jirani ampakate kidogo. Jibu likiwa juu lirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Katika ziara ya wiki ya 6 hadi ya 12, mbali na presha, mkojo nao upimwe kuona kama protini imeisha, kwa sababu inayobaki huenda ni dalili ya ugonjwa wa figo uliokuwa umejificha, na sukari ya damu ipimwe pale inapowezekana. Baada ya hapo, kipimo cha presha angalau mara moja kila mwaka ni cha maisha, hata kama namba zote ni nzuri.

Presha isiyoshuka baada ya miezi mitatu huhitaji tiba ya kudumu, na hapa huingia hofu ya kunyonyesha. Dawa kama nifedipini na enalaprili hutumiwa kwa mama anayenyonyesha, kwa uangalizi wa daktari, na hakuna sababu ya kuacha ziwa wala kuacha dawa kimyakimya. Kunyonyesha kwenyewe kumehusishwa na presha iliyo chini zaidi kwa mama katika miaka inayofuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba enalaprili na dawa za jamii yake humdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo anayeitumia anapaswa kuwa na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango na kumwona daktari kabla ya kutafuta mimba nyingine. Njia hiyo nayo ichaguliwe kwa busara: vidonge vya majira vyenye vichocheo viwili, kimojawapo kikiwa estrojeni, huweza kupandisha presha na havifai kwa mwenye presha iliyo juu, ilhali kitanzi na kipandikizi hukubalika kwa wengi wao.

Kuhusu chakula, ushauri wa kawaida wa kupunguza chumvi hautoshi bila kuonyesha ilipo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Lakini mzazi anayepikiwa supu kila siku hupata chumvi ya chunguni, ya vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, ya mkate na ya ng'onda, kabla hajagusa ile ya kunyunyiza mezani. Kuacha chumvi mbichi na vidonge vya mchuzi, kuongeza mboga za majani, maharage na matunda, na kupunguza soda, vyakula vya kukaanga na wali wa kujaza sahani, ni mabadiliko yanayowezekana katika jiko lolote na yanayoifaa familia nzima. Kutembea kwa haraka kwa dakika 30, siku tano katika wiki, kunatimiza kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, nako huanza polepole mwili unapopata nguvu. Kilo zilizoongezeka wakati wa ujauzito zikibaki, na nyingine zikaongezwa juu yake katika mimba inayofuata, hatari nayo hupanda. Na tumbaku, iwe sigara au ugoro, haina kiwango salama kwa mishipa iliyokwisha kuumia. Ni haki kusema wazi kwamba mama anayelea peke yake, anayefanya kazi kutwa na kukesha na mtoto, hawezi kuyatimiza haya kwa kuamriwa. Mume, mama mkwe na ndugu wanaopika, kubeba maji na kumshika mtoto ndio wanaompa nafasi ya kuutunza moyo wake.

Mimba inayofuata ni njia panda nyingine. Aliyewahi kupata priklampsia ana uwezekano mkubwa wa kuipata tena, na kwa hiyo anatakiwa kuanza kliniki mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12, kwa kuwa aspirini ya dozi ndogo, ambayo Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa wanawake wa kundi hili, hufaa zaidi inapoanzwa mapema, kabla ya wiki ya 20. Madini ya kalisi nayo husaidia pale ambapo chakula hakina ya kutosha, na katika hili Tanzania imechangia elimu ya dunia: utafiti uliowahusisha wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa Bangalore, India, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia priklampsia, habari njema kwa nchi zinazopima gharama ya kila kidonge.

Yapo pia mambo yasiyongoja ratiba yoyote. Mama anayepumua kwa shida akilala chali, anayeamka usiku akitafuta hewa, ambaye miguu yake inaendelea kuvimba wiki kadhaa baada ya kujifungua au ambaye mapigo ya moyo humwenda mbio bila kazi, huenda ana udhaifu wa misuli ya moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo ya uzazi, ugonjwa ambao wenye priklampsia wamo katika hatari zaidi ya kuupata. Uchunguzi wa moyo kwa mawimbi ya sauti huutambua, na katika hospitali za rufaa na vituo maalumu kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam huduma hiyo ipo. Miaka ikisonga, ajue pia kuwa shambulio la moyo kwa mwanamke linaweza kuja na uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au maumivu ya taya na mgongo pamoja na yale ya kifua, na kwa sababu hiyo huweza kutibiwa kwanza kama vidonda vya tumbo.

Kila mwanamke aliyepata presha katika ujauzito, hata kama mtoto wa mimba hiyo sasa yuko chuoni, na aitafute kadi yake ya zamani au akumbuke anayoweza kuyakumbuka, aende kituo cha afya kilicho karibu apimwe, na amwambie kila daktari atakayemwona tangu sasa, aulizwe au asiulizwe, kwamba aliwahi kuwa na presha ya ujauzito.